Msemaji wa Ukoo Kwenye Makumbusho ya Bia

Pale Rågsved, mtaa wa pembeni mwa jiji la Stockholm, ukiuliza ni nani anayejua bia, watakuonyesha Zénon. Ukiuliza ni nani aliyewaambia kwamba Zénon anajua bia, watakuambia ni Zénon. Lakini sifa ni sifa. Wali ukishaiva, nani anauliza moto uliwashwa na nani?

Kazi yake ni kusukuma vitanda kwenye hospitali kubwa ya Flemingsberg. Mgonjwa akitoka kupasuliwa, Zénon ndiye anayemrudisha wodini, na mgonjwa akifumbua macho katikati ya korido, Zénon ndiye anayempigia hadithi. Wapo Waswidi waliopona upesi ili tu wasisukumwe naye mara ya pili. Alizaliwa Buyenzi, pale Bujumbura, kwenye nyumba ya mama aliyekuwa akipika urwarwa, ile pombe ya ndizi ambayo mtu akiinywa anakumbuka hata nyimbo asizowahi kufundishwa. Kabla hajajua kuandika jina lake alikuwa tayari anajua, kwa pua tu, mtungi upi ni wa jana na upi ni wa juzi. Shuleni alifika darasa la sita. La saba halikumpata, maana vita vilikuja, halafu kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania, halafu ndege, halafu baridi. Njiani alipoteza mengi. Mdomo hakuupoteza.

Na mdomo ndio mali aliyokuwa akiitegemea. Kwa sababu Warundi wa Stockholm, hata wale wenye watoto wanaoitwa Liam na wanaojibu kila kitu kwa Kiswidi, hawaozeshi kimyakimya. Msichana haondoki nyumbani mpaka wazee wa pande mbili wakae, kinywaji kiwe katikati, na wasemaji washindane kwa maneno. Wa mvulana anaomba. Wa msichana anaringa. Watu wanacheka, wanakunywa, mwishowe wanakubaliana jambo ambalo vijana walishakubaliana zamani, tena bila kumuuliza mtu. Msemaji mzuri husifiwa mpaka kwenye mazishi yake.

Tatizo ni kwamba ukoo wa Zénon ulikuwa na msemaji tayari. Firmin, binamu yake, dereva wa basi, mtu wa kofia ya pama na methali za kutosha kulaza ukumbi mzima. Kwa miaka yote hiyo Firmin alisimama mbele akisema, na Zénon alikaa nyuma karibu na masufuria, akinong'ona majibu bora zaidi ambayo hakuna aliyeyasikia isipokuwa akina mama wa pilau, nao walimwambia apishe njia.

Basi ikatokea habari ya Mélissa. Huyu ni binti wa Godelieve, dada mkubwa wa Zénon. Baba yake Mélissa alifariki binti akiwa bado mdogo. Mélissa ni muuguzi, ana akili, ana leseni ya gari, na akampenda kijana anayeitwa Isak Tsukamoto, mama Mswidi, baba Mjapani. Godelieve alimpenda Isak tangu siku ya kwanza, kwa sababu alikula ugali mara mbili bila kulazimishwa. Lakini akaweka sharti moja, na sharti la Godelieve ni kama ukuta wa kanisa: baba wa kijana aombe kwa mdomo wake mwenyewe. Siyo ujumbe wa simu. Siyo Isak kusema baba anawasalimia. Mdomo.

Isak alimfikishia baba yake. Baba akajibu, "Ndiyo," halafu akanyamaza wiki nzima. Ndivyo alivyo. Mzee Tsukamoto ameishi Stockholm zaidi ya miaka arobaini, anajua Kiswidi chote, ila anakitumia kama mtu anayepaka siagi ya mwisho kwenye mkate. Mwishowe ukaja mwaliko: mjomba wa msichana aje Jumamosi mchana kwenye makumbusho yake ya bia, Södermalm, katikati ya jiji.

Makumbusho ya bia! Hapo Zénon aliona mbingu zinafunguka. Alipanda ghorofa mpaka kwa dada yake akiwa bado na viatu vya kazini, akahutubia jikoni. Unamtuma Firmin kwenye bia? Firmin anayekunywa soda ya machungwa, tena kwa mrija? Damu ya mama yetu mpika pombe imo katika mishipa ya nani? Aliendelea hivyo mpaka Godelieve akazima jiko ili amsikilize, yaishe.

"Utaenda," alisema. "Lakini sikia, mdogo wangu. Yule mzee akikuacha utoke bila kuomba, namtuma Firmin. Na wewe arusini utakaa na watoto, hii na zote zitakazofuata mpaka tukuzike."

Zénon alimwambia atulie, hilo ni mteremko tu.

Jumamosi ilifika, na theluji ya jana imeshageuka tope. Zénon alivaa suti ya kahawia aliyoolea, ambayo siku hizi inamfunga kwa heshima tu, siyo kwa vifungo. Alipanda treni ya chini ya ardhi na Mélissa, na njia nzima alikuwa akirudia hotuba. Ilikuwa na ng'ombe ndani yake, na mto, na ua linalonukia kuvuka milima. Mélissa alimwuliza kama ile hotuba ina mahali pa kupumulia. Akamwambia bia ndiyo mahali pa kupumulia.

Makumbusho yenyewe yako chini ya jengo la zamani la matofali, unashuka ngazi kama unayekwenda kuhifadhi viazi. Juu, karibu na mlango, kuna kabati za vioo zimejaa chupa. Chini kabisa kuna chumba cha kuonjea, meza ndefu na mabomba ya bia yanayong'aa. Mzee Tsukamoto aliwapokea mlangoni. Mtu mwembamba, aproni ya bluu, nywele nyeupe zilizochanwa kama mistari ya daftari. Aliinama. Zénon alinyoosha mkono, ukampita juu ya kichwa. Zénon akainama, mzee akawa ameshanyoosha mkono. Wakakutana mara ya tatu, katikati.

Ziara ikaanza. Isak alieleza, baba yake aliitikia kwa kichwa. Hapa ni mtambo wa shaba uliotoka Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, kwenye theluji kama hii ya kwetu. Hapa ni picha za kijana wa Kijapani wa zamani aliyekwenda Ujerumani kusomea bia na akarudi nayo kichwani. Hapa ni matangazo ya kale, wanawake wa kimono wakishika glasi kwa vidole viwili kana kwamba zinaunguza. Zénon alitazama kila kitu akiwa ameweka mikono nyuma kama waziri, akisema, "Eeh, hii tunaifahamu." Mtambo wa shaba aliugonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake. Alipoulizwa anasikia nini, alisema fundi atajua.

Kisha mzee mwenyewe akafungua mdomo, mara ya kwanza. Alinyanyua glasi tupu, akaonyesha kwa kidole. Bia sehemu saba, povu sehemu tatu. Povu likiwa chini ya hapo, bia inakufa. Likizidi, ni uzembe. Alitumia miaka kumi kujifunza kumimina.

"Kwetu," Zénon alimwambia kwa Kiswidi, "muuzaji akikupa povu sehemu tatu, unamwita mwizi na unaita na majirani."

Isak alikohoa. Mzee Tsukamoto alimtazama Zénon kwa muda, kama anayesoma bei dukani, halafu akawaonyesha njia ya kushuka kwenye chumba cha kuonjea.

Pale mlangoni Zénon aligeuka, akasema watoto wabaki juu wakaangalie chupa, haya ni mambo ya wazee. Mélissa ana miaka ishirini na minane na anachoma watu sindano za mishipa kila siku. Alimwangalia mjomba wake. "Tonton," alisema, "usiongee sana." Akapanda na Isak wake. Kwa hiyo chini walibaki wazee wawili, meza moja, na hakuna mtu hata mmoja wa kumweleza mwingine chochote.

Mzee Tsukamoto alimimina. Na jamani, tusimnyime haki yake, mtu yule anajua kumimina. Alilaza glasi, akainyoosha, akaacha, akangoja, akaongezea kidogo juu. Povu likasimama kama kofia ya askofu. Akamwekea Zénon glasi yake mbele kwa mikono miwili. Akajimiminia ya kwake. Akakaa. Akangoja.

Zénon naye akangoja.

Maana Zénon hakulelewa na mbwa. Katika nyumba ya mama yake, na katika kila nyumba ya maana kutoka Buyenzi mpaka kwenye mabonde ya ndani kabisa, mwenye nyumba hamkabidhi mgeni kinywaji hivi hivi. Anakionja kwanza, mbele ya macho yake, halafu ndipo anampa. Ni kumwambia: kilicho humu kikikuua, kitaniua na mimi. Asiyeonja ana jambo lake. Watu wamevunja undugu kwa sababu ya kionjo kilichosahaulika. Basi Zénon alikunja mikono mapajani, akamtazama mwenye nyumba, akasubiri aonje.

Na mzee Tsukamoto, ambaye kwao mwenye nyumba hagusi glasi yake kabla mgeni hajainua ya kwake, alikunja mikono mapajani, akamtazama mgeni, akasubiri ainue.

Wakatazamana hivyo. Firiji ilinguruma kwenye kona. Povu likaanza kushuka. Zénon aliliona, na aliona pia kwamba mzee analiona, na kwamba jinsi povu linavyoshuka ndivyo uso wa mzee unavyoshuka nalo. Sehemu tatu zikawa mbili. Zikawa moja na nusu. Miaka kumi ya kujifunza kumimina ilikuwa inakufa pale mezani, na muuaji amevaa suti ya kahawia.

Kichwani mwa Zénon maneno yalikuwa yanakimbizana. Huyu hataki kuonja. Kwa nini hataki kuonja? Anatudharau? Akinyanyuka sasa, anarudi kwa Godelieve mikono mitupu, na Firmin anavaa kofia. Akinywa bila kionjo, amekunywa kama mtu asiye na kwao, na hotuba ya ng'ombe na mto haiwezi kutoka kwenye kinywa cha mtu kama huyo. Povu likabaki duara jembamba, mfano wa pete.

Ndipo alipoamua. Kama huyu mtu hajui kuwa mwenye nyumba, basi atafundishwa ndani ya nyumba yake. Alinyoosha mkono kuvuka meza, akachukua glasi ya mzee Tsukamoto, siyo ya kwake, akapiga funda moja, akameza, akaifuta ukingo kwa kidole gumba, akamrudishia kwa mikono miwili.

Mzee aliduwaa. Aliangalia glasi. Aliangalia mlango. Kisha kitu kikafunguka usoni mwake, taratibu kama kabati la zamani. Akaipokea, akaigeuza mpaka pale palipoguswa na midomo ya Zénon, akanywa pale pale, akaimaliza yote. Akanyanyuka, akachukua glasi mbili mpya. Ile ya Zénon iliyokufa aliimwaga kama mtu anayezika, na akaanza kumimina upya. Safari hii, kabla ya kumpa, akapiga funda moja kutoka kwenye glasi ya Zénon. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kwao, zamani, watu walionywea kikombe kimoja hawakuwa tena wageni. Hakuna aliyefanya hivyo naye tangu afike nchi hii.

Baada ya hapo bia zikaanza kuja. Ya kwanza nyepesi ya dhahabu. Zénon aliitangaza kuwa ni maji yaliyosikia habari za bia, ila yamesikia kwa mtu wa kuaminika. Ya pili nyeusi, chungu, inanukia kahawa iliyounguzwa na mke mwenye hasira. Hiyo aliomba tena, kwa utafiti. Ya tatu ilipikwa na mchele ndani yake, kwa kanuni za kijiji cha mzee, na hapo Zénon akanyamaza, jambo ambalo lilitokea mwisho siku ya kipaimara chake. Halafu akasema inamkumbusha impeke, ile bia ya mtama ambayo watu huketi kuzunguka mtungi mmoja na mirija mirefu. Mzee aliuliza kila mtu na mrija wake? Kila mtu na mrija wake, mtungi mmoja. Mzee alifikiri. Akauliza povu linakwenda wapi. Wakacheka wote wawili, mzee akicheka bila sauti, mabega tu.

Na kumbe bia ya mchele ndiyo iliyokuwa na funguo. Mzee Tsukamoto aliweka glasi chini, akanyoosha aproni, akakaa wima.

"Mwanangu Isak anampenda Mélissa," alisema. "Mimi pia nampenda. Naomba mtupe awe binti yetu."

Ndiyo hiyo! Kwa mdomo wake, bila kusukumwa. Mtu mwenye busara angesema asante, tumesikia, akafunga kazi. Lakini miaka yote ile karibu na masufuria haikuwa ya bure. Hii ndiyo saa ambayo msemaji wa msichana anaringa, na Zénon alikuwa na mringo tayari, ameunoa kwenye treni. Alijiegemeza kwenye kiti, akakunja uso.

"Msichana?" alisema. "Mzee wangu, umepotea nyumba. Kwetu hakuna msichana. Tulikuwa na mmoja, akaja mtu mwingine mwenye ng'ombe wazuri zaidi akamchukua. Pole sana."

Halafu akangoja kicheko, na jibu, na ng'ombe wa kushindania.

Hakikuja kicheko. Mzee Tsukamoto alikuwa amekulia kati ya watu ambao hawasemi hapana. Wanaifunga kwenye karatasi nzuri, na kazi yako ni kuifungua kwa heshima. Zénon amemwambia msichana hayupo, na msichana yuko juu anaangalia chupa. Karatasi gani itakuwa nene zaidi ya hiyo? Akaelewa. Akasimama, akainama sana, akasema anaomba radhi kwa kuisumbua familia, hatarudia kulitaja jambo hili. Na akaanza kukusanya glasi.

Zénon aliona glasi zinaondoka mezani, na Mélissa anaondoka nazo. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai. Alisimama, akasema hapana hapana, mzee, kaa. Mzee akainama tena kuomba radhi. Zénon, kwa kuwa hakujua la kufanya, akainama zaidi yake. Mzee, ambaye hawezi kuacha mgeni awe chini kuliko yeye, akashuka zaidi. Suti ililia mgongoni. Wakashindana hivyo kwenda chini mpaka Zénon akakosa pa kuinamia isipokuwa sakafu, akapiga magoti, na mzee Tsukamoto akapiga yake, aproni na yote.

Hotuba ilikuwa imekwishakimbia, ng'ombe, mto, ua na milima yake. Yalibaki maneno ya mtu anayeomba maji.

"Nilikuwa natania," Zénon alisema. "Kwetu tunakataa kwanza. Ni mchezo. Msichana yupo, hajaposwa na mtu. Mchukueni, nakuomba. Anampenda mwanao. Tafadhali, mzee wangu."

"Tonton?"

Ilikuwa Mélissa, ngazini, na Isak nyuma yake. Walishuka kuona mbona kimya. Walimkuta msemaji wa upande wa msichana yuko chini, anausihi upande wa mvulana umchukue.

Mzee Tsukamoto hakuwatazama. Alikuwa bado amepiga magoti, amekunja paji la uso, anafikiri.

"Mnakataa mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tatu," Zénon alisema. "Kama kinywaji kipo."

Mzee akasimama, akamwinua Zénon kwa kiwiko, akamketisha. Akamimina bia ya mchele, akaonja, akampa. Akanyoosha aproni. "Naomba mtupe binti yenu," alisema.

"Tumekubali," Zénon alijibu mbio, kabla ulimi haujafanya kazi yake.

Mzee alionekana kama mtu aliyepunjwa. "Bado mara mbili," alisema.

Na hapo, mbele ya Mélissa na Isak, ikabidi Zénon akatae. Yeye aliyengojea siku hiyo maisha yake yote alikataa kwa sauti ya mtu anayevuka barafu, anaangalia uso wa mzee kwa kila neno, na kila akimaliza anaongeza haraka kwamba ni mchezo, ni mchezo. Mzee alikuwa na furaha yake. Alipokataliwa mara ya mwisho alijibu kwamba kama msichana amechukuliwa na mwenye ng'ombe, yeye ana mtambo wa shaba, waje wapime uzito. Lilikuwa jibu zuri kupita yote yaliyowahi kusemwa na Firmin, na Zénon alilisikia kwa wivu.

"Mchukueni," alisema.

Mélissa alipiga simu nyumbani pale pale, akaweka sauti ya nje wote wasikie. Godelieve hakusalimia. Aliuliza kama ameomba. Zénon alisema ameomba, kwa mdomo wake, hata mara tatu.

"Na wewe ulijibu nini?"

"Nilijibu kwa ufupi, dada."

Upande wa pili kijiko kiliwekwa mezani.

"Wewe? Kwa ufupi? Mpe simu Mélissa."

Mélissa aliongea kwa Kiswidi, kama watoto wa hapa wanavyofanya wakitaka kusema kweli upesi. Zénon alisikia neno la sakafu likipita, na la magoti, na jina lake likipita katikati ya hayo mawili. Alitazama povu la glasi yake. Kisha simu ikarudi kwake.

"Kwa hiyo ukoo wetu," Godelieve alisema, "umepiga magoti kuwaomba watu wamchukue binti yetu."

"Sakafu ilikuwa safi, dada."

Ikasikika sauti fulani, na Zénon hakujua kama dada yake analia au anacheka. Alikuwa anacheka, ilichukua muda mpaka akapata pumzi.

"Arusini utasema wewe," alisema. "Firmin na magoti yake yanayouma, angeshuka pale chini, mngemwita nani amnyanyue?"

Zénon alisimama, akafunga kifungo kilichokubali kufungika, akafungua mdomo kutoa shukrani zake, kuanzia kwa marehemu mama yao. Godelieve alikuwa ameshakata simu.